Mchoro wa Marumaru Kabla ya Boksi la Kwanza

Marumaru inayobandikwa leo kwenye sebule ya nyumba mpya Issenye, wilayani Serengeti, inaweza kuwa imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kuguswa na mwiko. Viwanda vikubwa vya hapa nchini viko mkoa wa Pwani: Goodwill kule Mkuranga, na Keda kule Chalinze, ambacho bidhaa zake tunazijua kwa jina la Twyford. Mzigo hupita Dodoma, Singida na Shinyanga, hushushwa Mwanza, Bunda au Musoma, kisha hupakiwa upya kuelekea Mugumu na vijijini. Jirani wa Tarime ana njia ya pili, ya mpakani Sirari, lakini naye anategemea lori na hali ya barabara. Kila mpakuo huvunja vipande kadhaa, na kila boksi lina uzito unaozidi nusu ya mfuko wa saruji. Vipande sita vikipungua wakati fundi amebakiza hatua mbili afike mlangoni, kazi husimama. Mwenye nyumba hurudi mjini, na akifika dukani huenda akakuta boksi la jina lilelile, picha ileile, lakini la mkupuo mwingine wa kiwandani, lenye rangi iliyokolea kidogo kuliko ya kwanza. Doa hilo litakaa mbele ya macho yake miaka ishirini.

Hoja yangu ni kwamba mchoro wa kina wa mpangilio wa marumaru, unaoonyesha kila kigae kinaanzia wapi na kinakatwa wapi, una faida kubwa zaidi mahali kama Issenye kuliko Masaki au Oysterbay, Dar es Salaam. Mazoea yetu yanasema kinyume. Mchoro wa namna hiyo huhesabiwa kuwa anasa ya wenye msanifu wa kulipwa, na mtu wa kijijini huambiwa kwamba fundi ataona mwenyewe akifika. Lakini aliye Dar es Salaam akipungukiwa na boksi hutuma bodaboda, na kabla ya saa sita mchana limefika. Aliye mbali na duka ndiye anayelipa gharama kamili ya kila kosa la hesabu, kwa hiyo ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuhesabu kabla ya kununua.

Hesabu inayotumika sana saiti ni rahisi: chukua mita za mraba za chumba, ongeza asilimia kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, gawanya kwa mita za mraba za boksi. Kanuni hii imesaidia wengi, na kwa chumba kipana chenye umbo la kawaida haidanganyi sana. Tatizo lake ni kwamba inahesabu eneo, wakati fundi anabandika vipande. Korido linatosha kuonyesha tofauti hiyo. Tuseme baada ya lipu korido lina upana wa mita 1.3 na urefu wa mita 6, na mwenye nyumba amependa marumaru za sentimita 60 kwa 60, vipande vinne kwa boksi, yaani mita za mraba 1.44. Eneo ni mita za mraba 7.8. Ukiongeza asilimia kumi unapata vigae 24, boksi sita kamili. Sasa chora. Ukianza ukutani, kila mstari unapokea vigae viwili vizima, na upande wa pili unabaki ukanda wa sentimita tisa hivi, ukitoa mianya ya grauti. Kigae kimoja kinatoa vikanda sita, kwa hiyo mistari kumi inahitaji vigae 20 na viwili vya kukata: jumla 22, na boksi sita zinatosha. Ila korido zima, kutoka sebuleni hadi mlango wa mwisho, litakuwa na ukanda mwembamba upande mmoja kama pindo lililoshonwa vibaya. Fundi mwenye jicho atakataa. Ataweka kigae kizima katikati na kukata pande zote mbili, kila upande sentimita 34 na ushee. Inapendeza, lakini kipande cha sentimita 34 hakitoki mara mbili kwenye kigae cha 60. Kila mstari sasa unakula vigae vitatu, jumla 30, na boksi zinakuwa nane. Asilimia kumi ilisema sita.

Hapo mchoro umeshaokoa safari ya mjini, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: unamwekea mwenye nyumba uamuzi mezani wakati bado ana uhuru wa kuamua. Anaweza kukubali boksi nane. Anaweza kubadili na kuchukua 40 kwa 40, ambapo vigae viwili vizima katikati na vipande vya sentimita 24 pembeni vinahitaji vigae 60, sawa na boksi tano za vipande 12, bila akiba hata ya kipande kimoja, kwa hiyo anunue sita. Anaweza pia kuweka vigae viwili vizima vya 60 katikati na kuzungusha mkanda wa rangi nyeusi wa sentimita nne na nusu kila upande, mkanda ambao vigae viwili vyeusi vinautosha. Hilo la mwisho ndilo linalovutia kwenye kioo cha kompyuta, nami ningetahadharisha nalo zaidi, kwa sababu ukuta ukipinda sentimita moja tu, mkanda mwembamba utautangazia kila mgeni. Mipangilio yote hii inawezekana na fundi anaijua. Kinachokosekana kwa kawaida ni wakati: uamuzi hufanywa fundi akiwa amepiga magoti, gundi inaganda, na mwenye mali yuko shambani au yuko Mwanza.

Programu za kusanifu nyumba zinasaidiaje? Zipo za aina nyingi. Sweet Home 3D, iliyotengenezwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret, ni ya bure na ikishawekwa kwenye kompyuta ya kawaida hufanya kazi bila intaneti. SketchUp, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo tangu 2012 iko chini ya kampuni ya Trimble, ina toleo la bure la kutumia kwenye intaneti. ArchiCAD ya Hungaria na Revit ya Marekani ni za wasanifu wenye leseni. Zote zina udhaifu mmoja ambao muuzaji wa ramani hausemi. Unapobofya sakafu na kuchagua marumaru, mara nyingi programu haiweki vigae: inatandaza picha inayojirudia. Picha hiyo inaanzia popote programu ilipopenda, inakatika ukutani bila kujua imekata nini, na ukiiuliza vigae vingapi haina jibu zaidi ya eneo gawanya kwa eneo, yaani tumerudi kwenye ileile hesabu ya asilimia kumi, sasa ikiwa imevaa rangi. Picha za namna hii zinazozunguka kwenye simu zetu, sebule inayong'aa na mwanga wa jioni dirishani, zinauza nyumba lakini hazimsaidii fundi.

Mchoro unaofaa hutengenezwa kwa namna nyingine. Kwanza kinapimwa chumba kilichokwisha kupigwa lipu, pande zote nne na mishazari yote miwili, maana ramani iliyopitishwa halmashauri haijui fundi wa lipu aliongeza sentimita ngapi. Kisha kinapimwa kigae chenyewe kutoka kwenye boksi, kwa sababu kilichoandikwa 60 kinaweza kuwa kimepungua milimita kadhaa, na milimita tatu katika mistari kumi ni sentimita tatu. Ndipo kinachorwa kigae kimoja kwa kipimo chake halisi pamoja na mwanya wa grauti, kinarudiwa, na kundi zima linasogezwa juu ya sakafu mpaka vipande vya pembeni vikae vizuri. Katika SketchUp kigae kikichorwa kama kitu kimoja kinachorudiwa, programu inaweza kukuambia umekitumia mara ngapi. Katika Sweet Home 3D unaweza kuingiza picha ya kigae na kuipa upana na urefu wake wa kweli, jambo linalotosha kuona mstari unaangukia wapi, ingawa kuhesabu vipande vya kukata kutabaki kazi ya kalamu. Mwisho unachapwa ukurasa mmoja wenye mambo machache: mstari wa kuanzia na umbali wake kutoka kuta mbili, upana wa vipande vya kila upande, idadi ya vigae vizima na vya kukata. Kama fundi hawezi kuusoma akiwa amesimama mlangoni, haujakamilika.

Bafuni mchoro unalipa zaidi, na huko ndiko makosa yetu mengi yanaonekana. Watu hununua marumaru za ukutani za 25 kwa 40 na za chini za 30 kwa 30, kisha wanashangaa kwa nini mistari ya ukuta haikutani na ya sakafu. Haiwezi kukutana, kwa sababu 25 na 30 hazipatani mpaka sentimita 150. Ukuta wa 30 kwa 60 na sakafu ya 30 kwa 30 zinapatana toka mwanzo, na mchoro unalisema hilo kabla hela haijatoka mfukoni. Unasema pia kama bomba la kuoga litatokea katikati ya kigae au kwenye kona yake, mahali ambapo kukata kwa grenda huvunja kigae mara kwa mara. Unaonyesha sakafu inashuka kuelekea tundu la maji kwa sentimita moja au mbili kila mita, na kama tundu liko kona au katikati, maana likiwa katikati sakafu inagawanyika mapande manne na kila pande lina mikato yake ya mshazari. Bafu dogo la mita 1.2 kwa 1.8 lina mikato mingi kwa kila mita ya mraba kuliko sebule yoyote.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa mafundi wenyewe, na lina uzito. Fundi mzuri, wanasema, hahitaji karatasi. Anapiga uzi, anahakikisha pembe kwa kanuni ya tatu-nne-tano, anapanga mstari mmoja mkavu bila gundi, anaona. Ni kweli tupu, na mpango huo mkavu ni mchoro kwa maana kamili ya neno, ila umechorwa kwa vigae vyenyewe. Kasoro yake ni moja tu, kwamba unahitaji marumaru ziwe zimeshanunuliwa. Baada ya hapo fundi anaweza kuchagua mahali pa kuficha tatizo lakini hawezi kuchagua kigae kingine. Nani alisema mchoro ni mgeni kwenye ufundi huu? Katika Jumba la Topkapi, Istanbul, imehifadhiwa hati ndefu ya kukunjwa yenye michoro 114 ya ruwaza za vigae na mapambo, kazi inayokadiriwa kuwa ya mafundi wa Iran wa mwishoni mwa karne ya 15 au wa karne ya 16. Waliopamba kuta zinazostaajabiwa hadi leo walichora kwanza, kwa rula na bikari. Na kwenye pwani yetu, waliopachika sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina katika nguzo za makaburi ya Kunduchi walikuwa na vyombo vya kuhesabika, vilivyosafiri bahari nzima, visivyo na akiba. Mtu wa namna hiyo anapima nafasi yake kabla ya kuchanganya chokaa.

Pingamizi la pili ni kwamba kuta zetu hazijanyooka, kwa hiyo mchoro sahihi wa milimita ni kujidanganya. Kama mchoro umetokana na ramani, pingamizi ni sahihi na mchoro ni bure. Kama umetokana na vipimo vya baada ya lipu, mambo yanageuka: mishazari miwili ikitofautiana unajua mapema chumba hakina pembe mraba, na unaamua upindaji uende ukuta upi. Chumba cha kulala cha mita 3.6 kwa 4.2 chenye marumaru za 40 kikianzwa kwenye ukuta wa mlango kinaacha ukanda wa sentimita 17 upande wa mwisho. Kama ndipo kitanda kinapokaa, uache, tena na upindaji wote uusukumie huko. Fundi asiyejua kitanda kitakaa wapi anaweza kuanza upande usiofaa bila kosa lake.

Kuna jambo ambalo mchoro hautibu, na anayeuuza kama dawa ya yote anapotosha. Marumaru zinazoinuka na kulia utupu zikigongwa hazikuharibiwa na mpangilio. Chanzo ni jamvi lisilomwagiliwa, gundi iliyowekwa madonge manne kwenye kona, au ardhi yenyewe. Sehemu za Serengeti zina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa maana itapasua marumaru za bei yoyote. Mchoro unachoweza kufanya ni kupanga mwanya wa marumaru ukae juu ya mwanya wa jamvi, hasa kwenye baraza ndefu, ili jamvi likicheza lisipasue kigae katikati. Na kwenye baraza hiyo mchoro uandike pia aina ya kigae, kwa sababu kigae kinachong'aa kikilowa mvua kinamwangusha bibi.

Pingamizi la tatu ni la gharama: kompyuta, umeme, mtu wa kuchora. Sidhani lina nguvu kama lilivyokuwa. Mugumu kuna steshenari zinazochapa, na kijana aliyemaliza fani ya ujenzi VETA anaweza kujifunza programu ya bure kwa siku chache akiwa na sababu ya kujifunza. Hata asipokuwepo, daftari la hesabu lenye vijisanduku linatosha kwa chumba cha mstatili, kila kijisanduku kikiwa kigae kimoja. Programu inazidi daftari pale korido linapokutana na sebule na mistari ya vyumba viwili inatakiwa iendelee bila kukatika mlangoni, au pale mwenye nyumba anapotaka kuona mipangilio mitatu kabla ya kuamua. Kwenye daftari kila badiliko ni kufuta na kuanza upya. Hapo mtu huchoka na kusema basi, na hilo basi ndilo linalomgharimu boksi mbili.

Upande wa majengo ya umma hoja inakuwa ya wote. Serikali imekuwa ikijenga madarasa na zahanati kwa mafundi wa jamii badala ya wakandarasi wakubwa, utaratibu unaojulikana kwa jina la fosi akaunti, huku kamati za wananchi zikisimamia manunuzi, mapokezi na ujenzi. Fedha za mpango wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 zilizotangazwa mwaka 2021, zilijenga, pamoja na mambo mengine, madarasa 15,000 nchi nzima, kazi kubwa ikifanyika kwa njia hiyo. Mjumbe wa kamati ya mapokezi ni mkulima au mwalimu. Anapewa orodha inayosema boksi kadhaa za marumaru, anahesabu zilizoshushwa, anasaini. Hana namna ya kujua kama idadi ilikuwa sahihi toka mwanzo, wala kama boksi zilizobaki zilipaswa kubaki. Mchoro wa chumba cha kujifungulia cha zahanati, wenye kila kigae cha sakafu na cha ukuta, ungempa uwezo huo bila kumhitaji awe mkadiriaji majenzi. Anahesabu miraba kwenye karatasi, anahesabu miraba ukutani. Na kwa kuwa ramani za majengo haya hutolewa za aina moja kwa nchi nzima, mchoro ungechorwa mara moja wizarani na kurekebishwa kidogo kila saiti baada ya kupima.

Mwenye kujengea mbali ana haja ileile. Nyumba nyingi vijijini hujengwa kwa fedha za mtoto aliyeko Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi, na mawasiliano yake na fundi ni picha za simu na sauti zilizorekodiwa. Ugomvi huanzia kwenye maneno kama "weka vizuri", ambayo kila mtu ana maana yake. Ukurasa uliosainiwa na wote wawili, wenye mstari wa kuanzia na idadi ya boksi, unamlinda fundi kuliko unavyomlinda tajiri, kwa sababu fundi ndiye anayelaumiwa marumaru zikipungua. Kama aliomba boksi nane kwa mchoro na akaletewa sita, karatasi inasema nani alibana matumizi. Malipo nayo yangefuata. Leo mafundi wengi hulipwa kwa mita ya mraba, na mita ya bafu lenye mikato arobaini hulipwa sawa na mita ya sebule isiyo na mikato. Idadi ya mikato ikiwa imeandikwa, fundi ana pa kuanzia kudai bei ya haki.

Karatasi hiyo isitupwe kazi ikiisha. Iandikwe namba ya mkupuo iliyoko kwenye boksi, mahali mabomba yanapopita chini ya sakafu, na vigae vingapi vya akiba vimehifadhiwa stoo, halafu iwekwe pamoja na hati ya kiwanja. Siku bomba litakapovuja, fundi mwingine kabisa, pengine ambaye leo bado yuko darasa la tatu, atajua avunje kigae kipi.